Swichi ya kukata moto kwenye gia: shajara ya boti yetu, hori la Mtwapa

Siku ya 1, Jumapili baada ya magharibi

Mikono bado inanuka petroli, lakini nataka kuandika kabla sijasahau mambo yalivyofuatana.

Asubuhi mimi na shemeji tulikuwa tunarudi gatini kutoka nje ya mwamba. Maji yanajaa, kusi inatusukuma kwa nyuma. Boti yetu ni ya fiberi, futi 17, na injini imo ndani upande wa tezi: MerCruiser ya lita 3.0, silinda nne, ya zamani yenye pointi (viguso vinavyofunga na kufunguka ili plagi ipate cheche), iliyoshikana na mguu wa Alpha One ulio nje, unaobeba propela. Tulipobakiza kama urefu wa boti tatu kufika, nikavuta leva itoke gia ya mbele irudi nyutro. Haikutoka. Nikavuta tena kwa nguvu, nikahisi kebo inajipinda ndani ya ala yake, na gia imeng'ang'ania palepale. Propela inazidi kutupeleka gatini.

Pale juu alikuwepo mzee mmoja nahodha, amekaa juu ya ndoo anasuka kamba. Akapaza sauti: "Mwanangu, zima ufunguo! Zima huku unavuta!" Nikazima. Injini ikafa, na papo hapo leva ikatoka laini, kana kwamba haikuwahi kukataa. Boti ikaenda kwa mwendo uliobaki ikagonga matairi. Hakuna aliyeumia, wala fiberi haikupasuka. Nimelitazama lile tairi tulilogonga nikawakumbuka watoto wanaorukaruka majini hapohapo kila jioni.

Nilipanda nikamwamkia na kumshukuru. "Marahaba," akasema. "Kuna kazi injini yako ilikuwa ikiifanya yenyewe, sasa haiifanyi. Itafute."

Nimekwishaitafuta kichwani, na naamini naijua. Chini kabisa kwenye mguu wa Alpha One, karibu na propela, kuna gia mbili zinazozunguka muda wote injini inapowaka, moja huku na moja kule. Katikati yake iko klachi ya meno inayosogea mbele na nyuma juu ya shafti ya propela. Ukiweka gia ya mbele, meno ya klachi yanaingia kwenye meno ya gia ya mbele. Ukiweka nyuma, yanaingia upande wa pili. Hapa hakuna sahani za kuteleza kama kwenye gari. Ni chuma kwa chuma. Injini ikiwa inasukuma, meno yale yanakabana kwa nguvu yake yote, na mkono wa mtu hauwezi kuyaachanisha. Kwa hiyo walioitengeneza waliweka swichi ndogo kwenye bamba la gia, juu ya injini. Gia ikikabwa, swichi inakata moto wa plagi kwa muda mfupi sana, injini inalegea, meno yanaachiana, gia inatoka, na moto unarudi kabla injini haijafa. Miguu ya Bravo ya kampuni hiyohiyo ina klachi ya koni, kwa hiyo haihitaji swichi hii. Alpha inaihitaji. Leo ufunguo wangu ndio uliofanya kazi ya swichi.

Siku ya 2, Jumatatu

Nilifungua kifuniko cha injini nikakiacha wazi nusu saa nzima kabla ya kugusa chochote. Nikatoa waya wa hasi wa betri. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; unashuka na kulala ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na pua haiwezi kukuhakikishia kwamba umeondoka wote.

Bamba la gia liko pembeni, limefungwa juu ya injini. Hapo kebo mbili zinakutana: moja inatoka kwenye leva ya nahodha, ya pili inatoka nyuma ya boti na kuingia kwenye mguu. Hii ya pili ndiyo mafundi wanaiita kebo ya chini. Kati yao kuna wenzo wenye springi na pengo la umbo la V, na ndani ya V kinakaa kigurudumu cha swichi. Gia ikitoka bila upinzani, wenzo unatulia na kigurudumu kinabaki katikati ya V. Gia ikikataa, mkono wako unaishinda springi, wenzo unainama, ukingo wa V unakisukuma kigurudumu, swichi inaunga. Kwa lugha nyingine, swichi hii haijui kama gia iko mbele au nyuma. Inajua kitu kimoja tu, kwamba kuna upinzani kwenye kebo. Niliposhika hilo vizuri, mambo mengine yote yaliyofuata yalikuwa rahisi kuyaelewa.

Swichi yenyewe ipo. Nyaya zake mbili zimekatwa kwa koleo, sawasawa, na kila ncha imeviringishwa utepe mweusi.

Nimekasirika, na sioni sababu ya kuficha. Hii haikuwa kutu wala panya. Kuna fundi, kabla boti haijafika mikononi mwetu, aliyekaa hapa nilipokaa mimi akaikata. Najua hata alivyofikiri. Boti ilikuwa ikizima kila inapotolewa gia, akakata waya, ikaacha kuzima, mwenye boti akafurahi na kulipa. Hakumwambia mtu kwamba tangu siku ile boti haina njia ya uhakika ya kutoka kwenye gia.

Nikaweka mita kwenye mlio, ncha moja kwa kila waya uliobaki kwenye swichi, nikabonyeza kigurudumu kwa kidole. Kimya. Nikabonyeza mara kumi. Mara ya saba nikasikia mlio wa kukwaruza, kisha kimya tena. Mwili wa swichi umepasuka mstari mwembamba upande wa chini na unga wa kijani umejaa hapo. Basi hata ningeziunga zile nyaya leo, swichi hii haitumainiki. Mpya inahitajika.

Siku ya 4, Jumatano

Ubishi na shemeji, wa heshima lakini ubishi.

Yeye alipita dukani mjini Mombasa akarudi na swichi ndogo ya kigurudumu, ya aina inayofungwa kwenye mashine za viwandani. Umbo linakaribia kabisa. "Shemeji, ni swichi tu," akasema. "Ina miguu mitatu, tutumie miwili."

Kuhusu miguu alisema kweli. Swichi za namna hii zina mguu wa pamoja, mguu unaounga ukibonyezwa, na mguu unaotengana ukibonyezwa. Kwa injini yetu ungetumia ule wa pamoja na ule unaounga ukibonyezwa, kwa sababu swichi inatakiwa iwe wazi wakati wote na iunge pale tu kigurudumu kinaposukumwa. Ukikosea ukashika ule wa tatu, injini haitawaka hata siku moja.

Ila mimi nilikataa kwa sababu nyingine. Swichi ile iko wazi pembeni. Unaona vipande vya shaba vikigusana ndani. Kila inapounga na kuachana inaweza kutoa cheche ndogo. Kwenye mashine ya kushona ndani ya ukumbi hilo si neno. Juu ya injini ya petroli, ndani ya sanduku lililofungwa, juu ya ngama, siwezi kulikubali. Vifaa vya umeme vya injini za petroli za ndani ya boti, kuanzia stata hadi alteneta, hutengenezwa vikiwa vimezibwa ili cheche isiufikie mvuke, na swichi hii inahesabika humohumo. Kwenye injini ya nje inayokaa kwenye upepo ningeweza kuzungumza. Hapa hapana.

Shemeji alinyamaza kidogo, akairudisha mfukoni. "Basi agiza," akasema. Binamu yangu aliyeko Dubai nimemtumia picha ya bamba la namba la injini. Kwa wanaofuata njia hii: tumeni namba ya injini, msitume picha ya swichi peke yake, maana swichi za miaka tofauti zinafanana usoni na hazifanani ndani.

Siku ya 15, Jumapili

Swichi imefika. Imezibwa yote, nyaya mbili zinatoka zikiwa zimemiminiwa mpira. Mpwa wangu ndiye aliyeifungua, na swali lake la kwanza likawa hilo ambalo kila mtu angeuliza: "Mjomba, waya upi uende wapi? Rangi hazifanani na za zamani."

Kwa swichi ya nyaya mbili haijalishi. Ni mlango, hauna ndani wala nje. Mmoja uende kwenye bodi, yaani chuma cha injini kilichoungwa na hasi ya betri, mwingine uende hasi ya koili, kile kifaa kinachozaa umeme wa plagi. Kinachojalisha ni kuijua hasi ya koili, na hapo tulipata kazi, kwa sababu alama juu ya koili yetu zimefutika na mtu aliwahi kupaka rangi nyeusi juu ya kila kitu.

Nilimweleza hivi. Umeme unaingia koili upande wa chanya, unatoka upande wa hasi kwenda kwenye pointi ndani ya distribyuta, na pointi zikiwa zimefunga unafika bodi. Pointi zinapofunguka mkondo unakatika ghafla, na kule kukatika ndiko kunakozaa cheche ya plagi. Sasa ukiunga hasi ya koili na bodi kwa njia ya pembeni, pointi hata zikifunguka mkondo haukatiki. Haukatiki, basi hakuna cheche. Hiyo ndiyo hila yote ya swichi hii, inakaa sambamba na pointi na kuziziba mdomo.

Na ukiufunga waya wa swichi kwenye chanya kwa makosa? Kila ukitoa gia unaunganisha umeme wa betri na bodi moja kwa moja. Waya unaolisha koili utapata moto, na moto ndani ya sanduku la injini ya petroli hauna mzaha.

Basi tukapima. Mita kwenye volti, ncha nyeusi kwenye bodi. Tuliunga betri, tukafungua ufunguo bila kuwasha, tukagusa upande mmoja wa koili: kama 12. Tukagusa upande wa pili: vilevile kama 12. Mpwa akanitazama kama aliyedanganywa. Lakini ndivyo inavyokuwa pointi zikiwa wazi. Hakuna mkondo unaopita, kwa hiyo pande zote mbili zinaonyesha sawa. Tukafungua kifuniko cha distribyuta, tukaizungusha injini taratibu kwa spana kwenye puli ya mbele mpaka pointi zikafunga. Tukapima tena. Upande mmoja umebaki na volti zake, wa pili umeshuka karibu na sufuri. Uliofika sufuri ndiyo hasi. Uthibitisho wa pili ulikuwepo machoni: waya wa kijivu wa kipima mizunguko umefungwa upande huohuo, na ndiko unakotakiwa kuwa.

Tulizima ufunguo mara moja. Pointi zikiwa zimefunga na injini imesimama, koili inapata moto bure.

Siku ya 16, Jumatatu

Kufunga nyaya. Kazi ya saa moja niliyoifanya kwa saa tatu, na sijutii.

Waya niliotumia ni wa shaba iliyopakwa bati, nyuzinyuzi nyingi nyembamba, milimita za mraba 1.5. Umeme wenyewe ni mdogo, hata mwembamba zaidi ungebeba, ila mwembamba unakatika kwa mtikisiko. Shaba tupu isiyo na bati chumvi inaingia chini ya ganda lake na kutembea. Unaikata sentimita ishirini ndani unaikuta nyeusi.

Sikulehemu. Najua mafundi wengi wa redio watasema kulehemu ndiko kuunga kwa kweli, na mezani ni kweli. Lakini risasi inapanda ndani ya nyuzi, inaufanya waya uwe mgumu kama msumari hadi pale inapoishia, na injini inayotikisika inauvunja hapohapo. Nilibana tamino, vile vichwa vya waya, kwa koleo lake, nikavuta kila moja kwa nguvu ya mkono, kisha nikavika mpira wa kusinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Mpira nilivika nikiwa nimeinua kazi nje ya sanduku, juu ya gati. Kiberiti hakikuingia ndani ya boti.

Waya wa bodi haukwenda kwenye skrubu ya bamba la gia. Bamba limepakwa rangi na limekaa juu ya vyuma vyenye kutu. Nilitafuta boliti safi kwenye injini yenyewe, pale nyaya nyingine nyeusi zinapokutana, nikakwangua, nikafunga, nikapaka grisi juu. Waya wa pili ukafuata mshipi wa nyaya za zamani hadi koili, mbali na ekzosti, na kitanzi kidogo cha ziada karibu na swichi ili wenzo ukitembea usiuvute.

Kisha, swichi ikiwa bado haijafungwa kwenye bamba la gia, kipimo ninachompendekezea kila mtu kabla hajawasha. Ufunguo wazi, pointi wazi, mita kwenye hasi ya koili. Inasoma 12. Mpwa akabonyeza kigurudumu: sufuri. Akaachia: 12. Akabonyeza, akaachia, akabonyeza. Hakuna kukwaruza wala kuchelewa. Alicheka kwa furaha, nami nikacheka naye.

Tukaifunga swichi mahali pake kwenye bamba, kisha tukaufunga mpira wa maji kwenye masikio ya mguu, yaani vikombe vinavyofunika matundu yake ya kunyonyea maji, kwa sababu injini hii haiwashwi kavu hata kwa nukta kumi, impela ya pampu itaungua. Nikapiga stata.

Inazunguka. Haiwaki.

Siku hiyohiyo, usiku

Nilikaa na chai nikafikiri kabla ya kurudi na tochi. Petroli ipo. Kabla ya swichi hii iliwaka. Kilichobadilika ni kimoja tu. Nikauchomoa waya wa swichi kwenye koili, nikapiga stata, ikawaka pale pale. Nikaurudisha, ikafa. Maana yake swichi inaunga wakati wote.

Shemeji alikuwa amefika na taa. "Wamekuuzia mbovu," akasema kwa upole. Nami kwa kweli niliogopa hivyo. Lakini nilipomulika bamba la gia niliona kigurudumu hakiko katikati ya V. Kimepanda ukingo mmoja, kidogo, kama unene wa senti. Leva iko nyutro, hakuna anayevuta chochote, na wenzo umeinama. Kuna kitu kinaushikilia.

Swichi haikuwa mbovu. Ilikuwa inasema kwamba kwenye kebo kuna upinzani, na upinzani haupungui hata tukiwa tumesimama. Hii ndiyo habari iliyomfikia yule fundi wa zamani, naye akaikata ulimi.

Siku ya 17, Jumanne

Nilizichomoa kebo zote mbili kwenye bamba. Wenzo ukarudi, kigurudumu kikaanguka katikati ya V chenyewe, injini ikawaka na waya wake ukiwa mahali pake.

Sasa kebo moja moja. Ya leva ya mbele inateleza vizuri. Ya chini nilitakiwa niisukume kwa kidole kimoja huku mpwa akiizungusha propela taratibu kwa mkono, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu. Kidole kimoja hakikutosha. Viwili havikutosha. Niliishika kwa kiganja, ikaingia kwa kukwama-kwama, nikihisi mchanga ndani yake.

Kuna wanaomimina mafuta ndani ya ala ya kebo na kuisukumasukuma hadi ilainike. Nimewahi kufanya hivyo kwenye pikipiki na inafaa. Kwenye mguu wa Alpha inakupa wiki chache, kisha chumvi inarudi, na utajua imerudi ukiwa unaingia gatini. Kebo inabadilishwa.

Kuibadilisha ni lazima mguu utoke. Kwa hilo boti ipande juu, na leo ni maji mafu. Gari la kuvutia halifiki hata ukingoni. Tunangoja bamvua, maji makubwa.

Siku ya 24, Jumanne

Bamvua. Boti ilipanda alfajiri maji yakiwa juu kabisa.

Kabla ya kutoa mguu wa Alpha, weka gia ya mbele. Usipofanya hivyo viungo vya gia vya juu na chini havitaachana vizuri, wala havitaingiana wakati wa kurudisha. Nati sita, soketi ya tano ya nane ya inchi. Watu wawili waushike, ni mzito na unataka kuangukia vidole vya miguu.

Tulipouvuta nikaona kilichotungoja. Kebo ya chini inapita kutoka nje kuingia ndani ya boti kupitia tundu lililo chini ya mstari wa maji, na pale inapopita imevishwa mpira mdogo wenye mikunjo na kubanwa kwa klipu. Mpira ule ulikuwa na mpasuko wa urefu wa ukucha. Bahari ilikuwa inaingia ndani ya ala ya kebo ikiiozesha taratibu, na kidogo kidogo ikipenya hadi kwenye boti yenyewe. Ndiyo maana pampu ya ngama ilikuwa ikilia alfajiri hata siku ambazo mvua haikunyesha. Sote tulidhani ni umande na maji ya kuoshea. Wazee wa mwambao husema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kweli jibu la maji ya ngama na jibu la gia lilikuwa moja.

Tukaikata ala ya zamani ili nione. Uzi wa ndani ulikuwa wa rangi ya kahawa iliyokoza, umevimba kwa kutu, na baadhi ya nyuzi zimekatika na kuchomoza kama miiba. Kila gia iliyotoka mwaka huu ilitoka ikikwaruza miiba ile.

Kebo mpya, mpira mpya, klipu mpya za chuma cha pua. Mpira mkubwa wa shafti nao tumebadilisha, ingawa ulionekana mzima, kwa sababu hakuna anayetaka kuufungua mguu mara mbili. Impela ya maji vilevile. Beringi ya ndani niliizungusha kwa kidole, ni laini. Grisi kwenye meno ya shafti. Mguu umerudi ukiwa gia ya mbele, nati zimekazwa kwa zamu, ya juu kisha ya chini upande wa pili, hadi paundi-futi 50 kwa spana ya kupimia.

Kurekebisha kebo kwenye bamba kulinichosha kuliko mguu wenyewe. Unaanza na kebo ya chini kwa kipimo cha kitabu cha injini, kisha unailinganisha ya leva ifuate, na kamwe hulazimishi ya chini ifuate ya leva. Tulirudia mara nne. Mara ya nne leva ikiwa nyutro kigurudumu kimekaa katikati ya V, mbele, katikati, nyuma, katikati. Niliweka karatasi nyembamba kila upande kati ya kigurudumu na ukingo ili nione kama nafasi ni sawa.

Siku ya 25, Jumatano

Ilishuka majini na maji ya asubuhi.

Juu ya nchi kavu, kwa mpira wa maji, gia ilikuwa ikiingia na kutoka kama inavyotakiwa, lakini sikukihesabu kipimo hicho. Propela ikizunguka hewani haina mzigo, meno hayakabani, na swichi haina la kufanya. Injini ambayo swichi yake imekatwa ingefaulu vilevile. Kipimo cha haki ni majini, boti imefungwa gatini kwa kamba mbili za nyuma na mbili za mbele, watu wote ndani, hakuna mtu majini.

Gia ya mbele, mizunguko midogo. Kamba zikakaza. Nikamwambia mpwa aangalie kigurudumu kwa tochi na shemeji aangalie mshale wa mizunguko. Nikavuta leva mara moja, kwa uhakika, sio polepole. Watu wengi hutoa gia ya Alpha kwa kubembeleza wakidhani wanaitunza. Kubembeleza ndiko kunakoyasaga meno pembeni, kwa sababu yanabaki nusu ndani nusu nje.

Gia ikatoka. Mshale ukashuka kama mtu aliyepepesa jicho, ukarudi. Injini haikufa. "Kimeruka, Mjomba! Kimeruka kikarudi!" Tukarudia mara ishirini, mbele na nyuma. Kila mara kigurudumu kilipanda ukingo na kuanguka tena katikati. Hakikubaki juu hata mara moja.

Nikachomoa waya wa swichi makusudi, nikajaribu kutoa gia chini ya mzigo uleule. Leva ikakaa ngumu kama siku ya kwanza. Nikaurudisha waya, ikatoka. Nilitaka shemeji aione tofauti kwa mkono wake mwenyewe, akaiona. Akasema tu, "Nipe rangi."

Kwa hiyo sasa upande wa ndani wa kifuniko cha injini kuna maandishi meupe kwa mkono wa shemeji: SWICHI HII ISIKATWE. INJINI IKIFA UKITOA GIA, ANGALIA KEBO YA CHINI. Na chini yake tarehe ya kebo. Boti hii huenda siku moja ikawa ya mtu mwingine.

Siku ya 27, Ijumaa

Baada ya swala tulitoka hadi nje ya mwamba na kurudi. Pampu ya ngama haijalia tangu Jumatano. Bado nina kazi ya kipima mizunguko, mshale wake unatetemeka juu ya 3,000 na nadhani ni tamino ya waya wa kijivu, ambayo niliifungua na kuirudisha bila kuibana upya. Hiyo ni ya kesho.

Kuingia gatini nilimwachia shemeji usukani. Kusi ilikuwa inasukuma kwa nyuma kama ile Jumapili, maji yanajaa vilevile. Alipobakiza urefu wa boti tatu akavuta leva. Injini ikashusha pumzi, gia ikatoka, akaigusa ya nyuma kidogo, boti ikasimama kando ya matairi bila kuyagusa. Mzee nahodha alikuwa palepale juu ya ndoo yake, na hakuinua macho kutoka kwenye kamba aliyokuwa akiisuka.